Kocha Akisema "Tunakutaka": Besiboli na Mlango wa Vyuo Vidogo vya Marekani

Ujumbe wenyewe huwa mfupi. Huingia kwenye simu ya kijana wiki ya kwanza ya Julai, mama yupo zamu ya jioni, baba ndiyo kwanza anawasha mkaa uani. Kocha wa chuo fulani cha New England anasema amependa anavyocheza, na anaomba atumiwe transkripti, alama za SAT na orodha ya masomo ya mwaka wa mwisho wa sekondari. Nyumba inalipuka kwa shangwe. Shangazi aliyeko Mwanza anaamshwa kwa simu usiku wa manane. Nyama haijaiva, habari imeshageuka: kijana amepata chuo.

Hajapata. Alichopata ni kizuri, na vijana wengi wenye mikono yenye nguvu hawakipati, lakini ni hatua ya katikati tu ya safari ambayo wazazi waliokulia kwenye kandanda ni nadra kuelezwa inavyokwenda. Katika vyuo vidogo vyenye masharti makali ya masomo, kocha humpigia kijana hodi, na ufunguo uko ofisi ya udahili. Hodi hizo hazilingani uzito. Kazi kubwa ya familia, kuliko hata kutafuta kambi na gongo la bei mbaya, ni kujua hodi anayopigiwa mtoto wao ina uzito gani, na kulijua hilo kabla ya Novemba.

Vyuo vyenyewe vinajulikana. Kaskazini mashariki kuna ligi ya NESCAC, iliyoundwa mwaka 1971, yenye vyuo 11: Amherst, Williams, Bowdoin, Middlebury, Tufts, Wesleyan, Trinity na wenzao. Pennsylvania na Maryland kuna Swarthmore, Haverford na Johns Hopkins. Kusini mwa California kuna Pomona na Pitzer, ambavyo huunda timu moja kwa pamoja, na kuna Caltech. Ongeza MIT, Emory na Chicago. Vingi ni vidogo kweli: Williams ina wanafunzi wapatao 2,000, Haverford wapatao 1,400, idadi inayozidiwa na sekondari nyingi za miji mikubwa ya Marekani. Vile vinavyoongoza hukubali takribani mwombaji mmoja kati ya kumi, au pungufu ya hapo.

Vyote hivyo hucheza Daraja la Tatu la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, na kanuni ya kwanza ya daraja hilo ndiyo wazazi wanayochelewa kuiamini: hakuna ufadhili wa michezo, hata dola moja. Chuo hakiruhusiwi kumwongezea mwanafunzi msaada kwa sababu anarusha mpira kwa kasi. Vyuo vinane vya ligi ya Ivy, ingawa hucheza Daraja la Kwanza, navyo vilikubaliana mwaka 1954 kutotoa fedha kwa ajili ya michezo. Mzazi anayetangaza kanisani kwamba mwanawe amepata ufadhili wa besiboli Amherst amekosea jina la kitu. Anachoweza kupata ni msaada unaopimwa kwa kipato cha familia, na kwa nyumba ya kipato cha kawaida msaada huo huweza kuzidi kwa mbali fungu ambalo mchezaji wa besiboli wa Daraja la Kwanza amekuwa akigawiwa.

Mpira na masomo vimekwenda bega kwa bega huko tangu zamani. Mechi ya kwanza ya besiboli kati ya vyuo vya Marekani ilichezwa Pittsfield, Massachusetts, Julai 1, 1859, baina ya Amherst na Williams. Amherst ilishinda 73 kwa 32, kwa kanuni za enzi hizo, kila upande ukiwa na wachezaji 13. Kesho yake vyuo hivyo hivyo viliketi kucheza sataranji, na Amherst ikashinda tena.

Hodi ya kocha hufanya kazi namna hii. Kuanzia Julai 1, mwanafunzi akiwa amemaliza mwaka wa tatu kati ya minne ya sekondari, makocha wa NESCAC hupeleka majina kwa ofisi ya udahili yasomwe kabla ya maombi rasmi. Wenyewe huliita zoezi hilo "pre-read", na kijana atalisikia kwa jina hilo hilo; kwa Kiswahili ni usomaji wa awali. Ofisa wa udahili hutazama matokeo ya miaka mitatu, ugumu wa masomo na alama za mtihani kama zipo, kisha humrudishia kocha jibu linalofanana na taa za barabarani. Nyekundu: kocha asipoteze muda wake wala wa kijana. Njano: kijana apandishe alama au arudie mtihani, ndipo atazamwe tena. Kijani: kocha akiamua kumtumia kijana huyo moja ya nafasi zake, ofisi haioni sababu ya kumkatalia.

Neno zito hapo ni "akiamua".

Nafasi hizo ni chache mno. Ripoti ya Amherst yenyewe ya mwaka 2017 kuhusu michezo chuoni hapo ilieleza kwamba ligi inaruhusu chuo hicho nafasi 67 kwa mwaka, kwa timu zote kwa jumla, ambazo kwazo kipaji cha michezo kinapewa uzito mkubwa katika udahili. Ondoa fungu nono la mpira wa kimarekani, gawanya kinachobaki kwa zaidi ya timu ishirini, na kocha wa besiboli anabaki na nafasi za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Orodha yake ya vijana anaowapenda ni ndefu mara kadhaa ya vidole hivyo. Hao wengine inabidi rekodi zao za darasani ziwe na nguvu ya karibu kuwaingiza zenyewe, yeye aongeze neno jema tu.

Ndiyo sababu vijana wawili wanaweza kuambiwa na kocha mmoja, tena wiki moja, kwamba ofisi ya udahili imeridhika nao, kisha Desemba mmoja akapata barua ya kukubaliwa na mwenzake ya kukataliwa. Kocha hakusema uongo. Wa kwanza alipewa nafasi. Wa pili alipewa neno jema. Hakuna aliyemfundisha wa pili kuuliza tofauti yake.

MIT na Caltech ni habari nyingine. Huko kocha hana nafasi mfukoni. MIT huruhusu makocha wake kutoa maoni juu ya mwombaji, na maoni hayo husomwa, lakini kamati hukata shauri yenyewe. Caltech imelipia msimamo wa namna hiyo uwanjani: timu yake ya besiboli ilifungwa mechi 228 mfululizo, karibu miaka kumi, hadi Februari 2, 2013 ilipoishinda Pacifica 9 kwa 7. Kijana anayependwa na kocha wa chuo cha aina hii ana haki ya kufurahi, lakini asikate mazungumzo na vyuo vingine hata kimoja.

Kwa hiyo usajili huu huanzia mezani, kwenye daftari, tangu mwaka wa kwanza wa sekondari. Ofisi za udahili haziangalii wastani wa alama peke yake. Zinatazama alama hizo zimetoka wapi. A ya hesabu nyepesi haimsaidii sana kijana ambaye shule yake inafundisha kalkulasi na yeye akaikwepa. Mzazi asiyeufahamu mfumo wa Marekani amfuate mshauri wa shule mwaka wa kwanza, amuulize swali moja tu: katika shule hii, wanafunzi wanaokwenda vyuo vigumu zaidi husoma masomo gani? Orodha atakayopewa ndiyo ratiba ya mwanawe.

Kuhusu mtihani wa SAT au ACT, hali hutofautiana chuo kwa chuo. Bowdoin haijaulazimisha tangu 1969. MIT iliurudisha mwaka 2022 na Caltech mwaka 2024, baada ya kuuweka kando wakati wa korona. Lakini hata pale ambapo tangazo linasema mtihani ni hiari, kocha mara nyingi ataomba alama, kwa sababu alama nzuri humrahisishia kazi ya kumtetea kijana. Afadhali mtihani ufanywe mapema, ifikapo Machi au Mei ya mwaka wa tatu, ili Julai kuwe na kitu mkononi cha kutuma.

Baada ya daftari ndipo uwanja. Kijana hana budi kuonekana, na hapa ndipo pesa za familia huvuja. Njia ya bei nafuu kuliko zote ni barua pepe yenye video. Video isizidi dakika tatu, bila muziki, bila mbwembwe za kuanzia: mrushaji aonekane kwa nyuma na kwa ubavu, mpigaji apige mipira kumi mfululizo, anayecheza katikati ya uwanja aokote mipira ya chini na kurusha mpaka kituo cha kwanza. Barua iandikwe na kijana mwenyewe, imtaje kocha kwa jina lake sahihi, itaje wastani wa alama katika sentensi mbili za mwanzo, na iseme jambo moja la kweli kuhusu chuo hicho. Makocha wanaitambua barua iliyoandikwa na baba mstari wa kwanza tu.

Vipimo viwe vya kweli. Mrushaji wa mkono wa kulia huanza kutazamwa kwa makini anapofika maili 85 kwa saa au karibu na hapo, sawa na kilomita 137. Mkimbiaji hupimwa yadi 60, kama mita 55, na sekunde 7 ni kizingiti kinachotajwa sana. Mdakaji hupimwa kwa saa ya mkononi tangu mpira unapogonga glavu yake mpaka unapogonga glavu ya mwenzake aliye kituo cha pili. Sekunde 2 humweka kwenye mazungumzo. Takwimu hizi ni za kukisia kiwango, na kocha mwerevu humchukua kijana wa maili 82 mwenye mabega mapana yanayoendelea kukua. Lakini atakayeandika 88 kwenye barua kisha akaonekana 83 kwenye ile mashine ambayo madereva wa Tanzania huiita tochi, amekwisha. Hakuna kocha anayemwamini tena, na makocha huzungumza wao kwa wao.

Kuna kambi maalumu kwa vijana wenye alama nzuri. Inayojulikana zaidi ni Headfirst Honor Roll, ambayo kwa siku mbili huwaweka vijana mbele ya makocha wengi wa vyuo vigumu kwa pamoja. Ada yake huzidi dola 1,000, bado nauli na hoteli. Kwa familia nyingi hiyo ni kodi ya nyumba. Ushauri wa haki ni huu: kambi ya namna hiyo iendewe mara moja, katika kiangazi kinachofuata mwaka wa pili au wa tatu, na iendewe wakati kijana ana kitu cha kuonyesha na ameshawaandikia makocha watakaokuwepo. Kwenda kupiga picha tu na makocha wasiomjua ni kumwaga maji mchangani.

Anayekaa pembeni ya uwanja kwenye kambi kama hizo ataona jambo ambalo video haionyeshi. Makocha husimama nyuma ya wavu, kofia zimewashuka machoni, karatasi kwenye ubao mdogo, na kwa muda mrefu hawaandiki kitu. Kijana anapiga mpira wa mbali unaogonga uzio, kalamu haisogei. Dakika kumi baadaye kijana yule yule anakosea, mpira unapita katikati ya miguu yake, naye anakimbia hadi kwenye nyasi kuufuata, anaurusha, anarudi mahali pake na kumwomba mrushaji mpira mwingine. Kalamu mbili zinasogea. Wapo makocha wanaotazama nani anakusanya mipira zoezi likiisha, na namna mtoto anavyomjibu mama yake anapomletea maji. Timu ya chuo kidogo hulala pamoja, hula pamoja na kusafiri kwa basi saa nne kwenda na saa nne kurudi. Kocha anachagua mtu wa kuishi naye.

Barua za mialiko nazo zinahitaji macho. Barua pepe inayosema "tungependa kukuona kambini kwetu", haimtaji kijana kwa lolote alilofanya, na ina kitufe cha kulipia, imetumwa kwa mamia. Kambi za chuo ni sehemu ya mapato ya makocha wasaidizi, na hakuna ubaya wowote katika hilo. Ubaya ni familia kuichukulia kama posa. Kijana anayetaka kujua amjibu kocha kwa adabu: je, umeshaona video yangu, na je, nafasi ninayocheza mnaitafuta mwaka wangu? Akijibiwa kwa maelezo mahususi, aende. Akijibiwa kwa kiungo kile kile cha malipo, ameshajibiwa.

Kalenda nayo ina mitego. Makocha wa Daraja la Kwanza hawaruhusiwi kuwasiliana na mchezaji wa besiboli kabla ya Agosti 1 inayotangulia mwaka wake wa tatu wa sekondari. Wa Daraja la Tatu wanaweza kumwandikia na kumpigia simu hata kabla ya hapo, lakini jibu la udahili halianzi kutafutwa hadi Julai inayofuata mwaka huo wa tatu. Kwa hiyo jirani anaweza kupata chuo kikubwa miezi mingi kabla, na kijana wa familia hii akabaki na kiherehere. Subira ya makocha wa vyuo vidogo ina sababu yake. Tangu mahakama iidhinishe makubaliano makubwa ya malipo ya wanamichezo mnamo Juni 2025, vyuo vya Daraja la Kwanza vilivyojiunga nayo vina kikomo cha wachezaji 34 wa besiboli. Wachezaji waliokomaa nao wanahama kutoka chuo hadi chuo kwa urahisi kuliko zamani. Vijana wa sekondari ambao miaka michache nyuma wangechukuliwa juu wanashuka madaraja, na makocha wa vyuo vidogo wanajua wakisubiri wataokota dhahabu. Kijana aliye wa tano kwenye orodha mwezi Juni anaweza kuwa wa tisa mwezi Septemba bila ya kufanya kosa lolote.

Hapo ndipo maswali yanapohitajika, na hapo ndipo malezi ya Kiswahili yanapompa kijana mtihani. Mtoto aliyelelewa vizuri Tanga au Bukavu, au Dallas katika nyumba ya watu waliotoka huko, amefundishwa asimhoji mkubwa. Kocha ni mkubwa. Mkubwa akisema "tunakupenda", mtoto husema asante na kuinamisha kichwa. Wazazi wanapaswa kumweka kitako na kumweleza kwamba kwa watu hawa swali la wazi, likiulizwa kwa upole, linahesabiwa kuwa utu uzima. Wengi hulazimika kulifanyia mazoezi mezani, baba akijifanya kocha.

Maswali yenyewe ni machache. Jina langu limeshapelekwa udahili, na walisema nini hasa? Nikiomba kwa uamuzi wa mapema, utanitumia mojawapo ya nafasi zako, au utaniunga mkono bila nafasi? Kati ya wale uliowaunga mkono kwa namna hii miaka ya karibuni, wangapi walikataliwa? Mwaka wangu unachukua warushaji wangapi, na mimi nasimama wapi kwenye orodha yako? Swali la tatu ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, kwa kuwa humlazimisha kocha kuacha maneno ya hisia na kutaja idadi. Kocha anayejibu "kwa miaka sita, mmoja tu, naye alishusha alama mwaka wa mwisho" amempa kijana kitu cha kushika. Anayejibu "usiwe na wasiwasi, tunakupenda sana" amempa kijana sababu ya kuwa na wasiwasi.

Maneno mengine yana tafsiri zake. "Tunakufuatilia" maana yake kuna wengine mbele yako. "Nitumie ratiba ya mechi zako" ni dalili nzuri, mradi aje kweli au amtume mtu. "Omba tu, tutaona" ni hapana iliyovaa kanzu. "Uko juu kabisa kwenye orodha yetu, udahili wamesema ndiyo, uko tayari kuomba uamuzi wa mapema?" hiyo ndiyo posa, na kijana ataombwa ajibu kwa siku chache. Asijibu kabla ya kuzungumza na wenye pesa.

Maana uamuzi wa mapema, ule uitwao Early Decision, ni ahadi inayofunga. Mwombaji huchagua chuo kimoja, hutuma maombi katika nusu ya kwanza ya Novemba, hupata jibu katikati ya Desemba, na akikubaliwa huondoa maombi mengine yote. Makocha wa vyuo vingi hutumia nafasi zao katika duru hiyo. Daraja la Tatu halina mkataba wa kusaini unaomfunga mtu. Karatasi zile za kupiga nazo picha shuleni ni za sherehe. Hadi barua ya udahili itoke, kijana ana neno la kocha tu.

Na gharama? Mwaka mmoja kwenye vyuo hivi, pamoja na malazi na chakula, unapita dola 85,000. Mzazi akiona tarakimu hiyo hufunga kompyuta, na hilo ndilo kosa la gharama kubwa kuliko mengine yote katika shughuli hii. Williams, tangu mwaka wa masomo 2022–23, imeondoa mikopo na kazi za lazima kwenye msaada wake: kile familia isichoweza kulipa hulipwa kwa ruzuku. Amherst na Bowdoin humpima mwombaji bila kutazama uwezo wake wa kulipa hata kama si raia wa Marekani, jambo ambalo vyuo vichache sana nchini humo hufanya. Sheria inakitaka kila chuo kuweka kwenye tovuti yake kikokotoo cha gharama. Mzazi huingiza kipato, akiba na idadi ya watoto, akaona makadirio ya atakacholipa. Kikokotoo hicho kijazwe kwa kila chuo kilicho kwenye orodha kabla ya Juni, kwa taarifa za kweli za kodi. Familia ikiwa na biashara ndogo, au ikituma fedha nyumbani kila mwezi, kikokotoo kinaweza kukosea; hapo kijana amwombe kocha ampeleke ofisi ya msaada wa kifedha kwa makadirio ya mtu hai. Vyuo vingi hufanya hivyo wakati wa usomaji wa awali. Na chuo kikitoa msaada usiotosha baada ya uamuzi wa mapema, familia inaweza kuomba kuachiliwa kutoka kwenye ahadi.

Besiboli yenyewe si ngeni tena upande huu wa Afrika. Mwaka 2012 timu ya watoto wa Lugazi, Uganda, ilicheza fainali za dunia za Little League huko Williamsport, Pennsylvania, na kuifunga timu ya Oregon 3 kwa 2. Dar es Salaam, kwa msaada wa Wajapani, uwanja wa besiboli ulijengwa Shule ya Sekondari Azania. Kijana wa huko mwenye ndoto ya Marekani na matokeo mazuri ya kidato cha nne na cha sita asianzie kwa wasaka vipaji wa timu za kulipwa. Aanzie kwa orodha ya vyuo vinavyowapima wageni bila kujali fedha, atume maombi yake kama msomi, na video imfuate kocha kama nyongeza.

Baada ya yote haya, kijana atakwenda kuishi wapi? Swali hilo hupotea kwenye kelele za usajili. Msimu wa Daraja la Tatu una mechi 40 tu kabla ya mashindano ya mwisho. New England Februari ni theluji, timu hujifungia ndani ya ukumbi, mwezi Machi husafiri kusini kutafuta jua, kisha hurudi kucheza mechi za Aprili kwenye baridi inayouma vidole. Anayesoma kemia atagongana na maabara za mchana. Aulize wachezaji waliopo, si kocha, ni wangapi wanasoma sayansi na wanafanyaje. Aulize pia ni wangapi wa mwaka wa kwanza walicheza msimu uliopita. Alale bwenini usiku mmoja. Bega linaweza kukatika Oktoba ya mwaka wa kwanza, na baada ya hapo kinachobaki ni chuo.

Wapo waliofika mbali na mpira, hadi timu za kulipwa. Stephen Ridings alitoka Haverford, akachaguliwa na Cubs mwaka 2016 na kurusha mpira kwa Yankees mwaka 2021. Jason Szuminski alisoma uhandisi wa anga MIT na kuichezea San Diego mwaka 2004. Wengi zaidi wameingia kwenye ofisi za timu hizo: Jed Hoyer, anayeongoza shughuli za Cubs, alicheza Wesleyan, Josh Byrnes, aliyekuwa meneja mkuu wa Arizona na San Diego, alicheza Haverford, Ben Cherington, aliyekuwa meneja mkuu wa Boston walipotwaa ubingwa mwaka 2013, alisoma Amherst. Na Trinity ya mwaka 2008 ilimaliza msimu kwa ushindi 45 na kipigo kimoja, ikawa bingwa wa Daraja la Tatu. Kiwango cha mchezo huko si cha kitoto.

Ikitokea Desemba jibu ni hapana, siku hiyo ni ya kulia, na kesho yake ni ya kuandika. Swarthmore, Haverford, Bowdoin na Pomona zina duru ya pili ya uamuzi wa mapema mwezi Januari. Williams na Amherst hazina. Baadhi ya makocha huwa wamepoteza vijana wao Desemba hiyo hiyo na wanatafuta. Kijana aliyewajibu kwa heshima makocha aliowakatalia Agosti, badala ya kunyamaza tu, anaweza kuwarudia bila aibu.

Na aliyekubaliwa chuoni kwa masomo yake mwenyewe, bila neno la kocha yeyote, bado ana mlango. Vyuo vingi hufanya majaribio mwanzoni mwa muhula wa vuli. Amwandikie kocha mara tu baada ya kuthibitisha nafasi yake, aulize tarehe. Kisha amtafute daktari mapema. NCAA inataka uchunguzi wa afya na kumbukumbu ya kipimo cha vinasaba vya selimundu kabla mwanamichezo hajagusa mpira mazoezini, na kwa familia zenye asili ya Kanda ya Ziwa kipimo hicho kina maana kuliko karatasi. Mwenye kubeba vinasaba hivyo hucheza kama wengine. Mwalimu wa viungo anahitaji tu kujua ili ampumzishe na kumpa maji kwa wakati kwenye joto la Septemba. Majibu yakichelewa maabara, kijana atasimama nje ya uzio na glavu yake, akitazama majaribio yakiendelea bila yeye.